Florian na Siku ya Leo

Asubuhi za Maguu huanza polepole. Ukungu hutoka bondeni, hupanda taratibu, hufunika kahawa, hufunika mapaa ya nyumba. Kwa muda hujui mlima unaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Unasikia majogoo tu, na ufagio uani kwa mtu usiyemwona.

Violet aliupenda muda huo. Yeye alizaliwa Lundo, chini ziwani, mahali ambapo watu huamshwa na sauti za wavuvi wanaorudi na usipa, dagaa wa ziwa lile. Huku milimani aliolewa. Mwanzoni baridi ilimliza. Sasa aliona kama siku ya huku inazaliwa mara mbili. Inazaliwa kwanza ndani ya ukungu, bado ina usingizi. Halafu, saa tatu au saa nne, ukungu unapasuka na siku inazaliwa tena. Ukisimama kwenye mwinuko nyuma ya nyumba yao wakati huo, unaliona ziwa. Liko mbali sana. Linafanana na kitenge cha buluu mtu alichokianika akakisahau.

"Glo, tazama kule kwa bibi," Violet alimwambia mtoto wake.

Glorious alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alinyoosha kidole, akacheka. Alikuwa anaonyesha kuku.

Florian, baba wa mtoto, alikaa kizingitini na kikombe cha uji mkononi. Alikuwa hanywi.

"Baba Glo, uji unapoa."

"Mmh."

"Unawaza nini?"

"Hamna."

Lakini Violet alijua. Mwaka uliopita Florian alipimwa akakutwa na kisukari. Mwaka huo huo aliacha pombe. Hakuacha peke yake. Alikuwa mtu wa kunywa kila siku, kwa hiyo kituo cha afya kilimlaza siku chache, wakamwangalia mpaka mwili ulipotulia. Akarudi nyumbani na vidonge vya kisukari na maneno mengi ya kukumbuka. Vidonge alivimeza kila siku. Pombe hakuigusa kwa miezi saba.

Tatizo lilikuwa jingine. Mwili wake ulikaa kizingitini, lakini mawazo yake hayakukaa. Mara yalirudi nyuma, kwenye sherehe ambayo alilewa akalala mtaroni mbele ya wakwe zake. Mara yalikwenda mbele, kwa baba yake mdogo aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Florian alitazama mguu wake mwenyewe, mzima kabisa, akauona umekatwa.

Huku milimani kuna kazi ya pamoja inayoitwa ngokela. Mwenye shamba anaita majirani. Wanaume wanakata nyasi kwa nyengo, ile miundu ya huku, na kuzipanga chini kwa miraba. Wanawake wanachimba katikati ya kila mraba, wanatupia udongo juu ya nyasi, wanapanda maharage. Mlima mzima unabaki na mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Mvua ikija, maji yanatulia mashimoni, hayaondoki na udongo. Kazi ikiisha, mwenye shamba anawapa watu pombe aliyoipika. Ndivyo ilivyo tangu zamani.

Mwezi wa pili, jirani yao Erasmo aliita ngokela. Florian alikwenda kukata nyasi. Jioni kikombe kilizunguka. Kilipomfikia, alikipokea. Akanywa chote.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado halijazama. Yeye mwenyewe akamwambia mke wake, bila kuulizwa.

"Nimekunywa kikombe kimoja."

Violet alikuwa anachambua maharage. Alichambua mengine matatu manne kabla ya kusema.

"Florian, nimekaa na pombe miaka mitatu ndani ya nyumba hii. Sina nguvu ya miaka mitatu mingine. Nikikuona umelewa tena, mimi na mtoto tunashuka Lundo. Sikutishi. Nakuambia tu."

"Nimesikia, Mama Glo."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Wiki iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu. Florian alitoka kanisani na alama ya jivu kwenye paji la uso, na mpango moyoni ambao hakumwambia mtu. Atafunga kula mpaka jua lizame, kila siku, siku zote arobaini za Kwaresima. Aliona hivyo atalipa kikombe kile, na miaka mitatu ya nyuma pia. Aliona pia atajikinga na miaka ya mbele.

Basi kila asubuhi alimeza vidonge vyake mbele ya Violet. Uji aliuchukua na kusema, "Huu nitaunywea shambani." Akifika nyuma ya nyumba, alimmiminia mbwa.

Siku ya kwanza mikono yake ilitetemeka saa tano. Akasema moyoni, hii ni hamu ya pombe. Akasali. Siku ya pili akatetemeka tena, na jasho likamtoka. Akasema, hamu imezidi. Akasali zaidi.

Jumamosi ilikuwa zamu yao ya ngokela.

Walishakubaliana kwamba hawatapika pombe. Violet alichemsha sufuria kubwa ya chai na kuitia sukari nyingi. Akapika kande, akakaanga usipa aliotumiwa na mama yake kutoka Lundo. Watu walifika mmoja mmoja kutoka ndani ya ukungu, kama wanaotoka ndotoni. Kwanza unasikia kicheko, kisha unaona jembe, halafu mwenye jembe.

Erasmo alichungulia sufuria.

"Shemeji, chai? Ngokela ya chai? Tumekuja kulima au tumekuja kwenye kikao cha shule?"

"Shemeji, kama unataka pombe rudi kwako," Violet alimjibu. "Ila nyengo yako iache hapa, ina adabu kuliko wewe."

Wanawake wakacheka mpaka majembe yakagongana. Mmoja wao alikuwa Vitalia, mhudumu wa afya wa kijiji. Siku nyingine hupita nyumba kwa nyumba na mkoba wake. Siku hiyo alikuwa na jembe kama wengine.

Kazi ikaanza. Ukungu ulikuwa mzito. Wanawake waliimba bila kuonana. Wimbo ulianzia chini mlimani, ukapokelewa juu, ukarudi chini. Harufu ya nyasi zilizokatwa ilijaa kila mahali. Glorious alikaa juu ya kanga, anakula udongo kidogo, anatemeshwa na mama yake, anakula tena.

Ilipofika saa nne, dunia ya Florian ilianza kuwa laini. Sauti za wanawake zilikuwa mbali, kama zinatoka chini ya maji. Aliona ukungu umekuwa mweupe mno. Aliona ziwa limepanda mlima, limefika karibu na miguu yake, na mawimbi yake hayana sauti. Akataka kukaa humo. Akainua nyengo akakata hewa. Akaweka nyasi juu ya nyasi alizokwisha kuziweka.

"Florian, mraba gani huo?" Erasmo aliuliza.

"Usinifundishe... mimi..." Ulimi ulikuwa mzito. "Nyinyi wote... ondokeni ziwani..."

Akapepesuka. Akapiga hatua moja kulia, mbili kushoto, akatumbukia kwenye shimo la ngoro.

"Heee!" Erasmo akapiga makofi. "Kumbe pombe ipo! Kanywa mwenye shamba peke yake, sisi tunapewa chai!"

Watu wakacheka.

Violet aliinua kichwa. Aliziona hatua zile. Alizijua. Aliusikia ulimi ule. Aliujua pia. Hakupiga kelele wala hakulia. Alimwinua Glorious, akamfuta udongo mdomoni, akamfunga mgongoni, akapanda njia ya kwenda nyumbani. Njiani alitoa simu akampigia kaka yake, Hamphrey, aliyeko Lundo.

"Kaka, shikamoo. Njoo unichukue."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Njoo tu. Kesho."

Akakata. Alikuwa amefika karibu na migomba aliposikia sauti kutoka chini.

"Mama Glo! Rudi! Hajanywa!"

Violet alisimama. Neno hilo alishalisikia mara ngapi? Hajanywa, sijanywa, nimeonja tu. Kama angelisema Florian, asingegeuka. Lakini iliyokuwa inaita ilikuwa sauti ya Vitalia, na Vitalia hakuwa mtu wa kumfichia mlevi.

Akageuka. Akashuka mbio, mtoto akirukaruka mgongoni na kucheka.

Vitalia alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo. Alikuwa amesogeza pua karibu na mdomo wa Florian.

"Hanuki pombe hata kidogo. Mguse. Ana jasho la baridi. Leo amemeza dawa?"

"Amemeza. Nimemwona."

"Amekula?"

"Alibeba uji..."

"Nimefunga," Florian alisema kwa sauti ndogo, macho yakiangalia kusikoonekana.

"Leteni chai!" Vitalia aliita. "Ile ya sukari! Na muongeze sukari nyingine. Upesi!"

Erasmo ndiye aliyekimbia. Alirudi na kikombe, mikono inatetemeka kuliko ya mgonjwa. Vitalia alimkalisha Florian, akamshika mgongo.

"Florian, unanisikia? Meza kidogo. Haya. Tena."

Alimeza. Violet alishika kikombe. Chai ilimwagika kidogo kidevuni, akaifuta kwa pembe ya kanga. Zilipita dakika tano, zikapita kumi. Ukungu ulianza kupasuka juu yao, na mwanga ukashuka polepole juu ya mashimo, shimo baada ya shimo.

Florian akapepesa macho.

"Mbona mmesimama?" aliuliza. "Kazi imekwisha?"

Violet alicheka na kulia kwa pamoja.

Wakampa kande na usipa, akala yote. Vitalia alikaa pembeni ya shimo, akasubiri amalize. Halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Mtu mwenye kisukari, sukari yake inaweza kupanda, na inaweza kushuka. Akimeza baadhi ya dawa za kisukari halafu asile, na afanye kazi ngumu, inashuka. Ikishuka anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, anasikia njaa. Ikizidi kushuka anaongea ovyo, anapepesuka, anaweza hata kuzimia. Akiachwa, anaweza kufa."

"Lakini alikuwa mlevi kabisa!" Erasmo alisema.

"Alifanana na mlevi. Ndiyo hatari yake. Watu wanacheka, wanapita."

Erasmo aliinama, akaanza kung'oa nyasi ambazo hazikuwa na kosa.

"Ukimwona mtu wa namna hii na bado anameza," Vitalia aliendelea, "mpe chai ya sukari, au soda ya kawaida, au asali. Subiri robo saa. Kama bado, mpe tena. Akipata nafuu, ale chakula. Akiwa hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni. Atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbize kituo cha afya."

Violet alimgeukia mume wake.

"Uji ulikuwa unaupeleka wapi?"

Florian alimtazama mbwa. Wote wakamtazama mbwa.

"Ndiyo maana amenenepa siku tatu hizi!" Violet alisema, na shamba zima likaangua kicheko. Hata Florian.

Kicheko kilipotulia, Florian alieleza. Alieleza kikombe cha kwa Erasmo, na mpango wa siku arobaini, na kutetemeka alikodhani ni hamu ya pombe, na hofu ya kukatwa mguu kama baba yake mdogo.

"Padre alisema Jumatano ile ile kwamba wagonjwa hawafungi kula," Vitalia alisema. "Hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikaa benchi la tatu, nilikuona. Lakini hukumsikia. Ulikuwa unaongea na miaka iliyopita."

Florian aliuangalia mguu wake.

"Sikiliza, mdogo wangu. Jana huwezi kuilipa kwa njaa. Haipokei. Na ya mbele huwezi kuizuia kwa kuiogopa. Ule mguu unaouogopea, unautunza leo. Unauosha, unaukagua kama una kidonda, unavaa viatu shambani. Basi. Umemaliza kazi ya mguu kwa leo."

"Na kile kikombe?"

"Baada ya kukinywa ulifanya nini?"

"Nilirudi nyumbani. Nikamwambia mke wangu."

"Ulifanya vizuri kuliko unavyojua. Wengine wakinywa kimoja wanasema, nimeshaharibu, basi niharibu kabisa. Kikombe kinakuwa wiki. Wewe ulisimama siku ile ile. Ukiteleza, mwambie mtu, halafu urudi kwenye njia saa hiyo hiyo. Na hamu ikija, ondoka palipo na pombe, kula kitu, tafuta mtu wa kuongea naye, shika kazi. Hamu haikai siku nzima. Inapanda, inafika juu, inashuka. Ila ukitetemeka, kwanza fikiria sukari. Kula, ndipo usali."

"Na pombe na vidonge vyake?" Violet aliuliza.

"Haviendi pamoja. Pombe nayo inaweza kushusha sukari, hata saa nyingi baada ya kunywa."

Erasmo alisafisha koo. "Dada Vitalia, na mimi kesho naacha. Kabisa. Sigusi."

"Wewe unakunywa kila siku, na asubuhi usipokunywa unatetemeka. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi usikatishe ghafla ukiwa peke yako. Mwili ulioizoea pombe unaweza kupata degedege. Jumatatu nenda na Florian kituo cha afya. Waambie ukweli. Watakusaidia kuacha kwa usalama."

"Waambie ukweli wote?"

"Wote, Erasmo. Hata ule wa mwezi wa kwanza."

Watu wakacheka tena. Wakashika majembe. Ngokela ya chai iliendelea, na hakuna aliyeondoka.

Jumapili mchana, baada ya ibada, pikipiki ilisimama uani. Hamphrey alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mkononi alikuwa na mfuko wa usipa mkavu. Violet alikuwa anakaanga mboga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mizigo iko wapi? Dereva anasubiri."

"Mwambie dereva aende."

Hamphrey alimtazama Florian aliyekuwa anamwosha mtoto miguu kwenye beseni. Akamvuta dada yake pembeni.

"Jana umenipigia na sauti ya msibani. Leo unakaanga mboga. Mimi nimepanda milima yote hii nikishikilia kofia. Nieleze."

Violet alimweleza yote. Hakupunguza.

"Kaka, jana nilimwona Florian wa mwaka juzi. Nilimkimbia huyo. Florian wa jana alikuwa na njaa tu."

"Na akinywa tena?"

"Nilichomwambia hakijabadilika. Anakijua. Lakini leo hajanywa. Amekula, amemeza dawa, anamwosha mtoto. Leo siendi."

"Na kesho?"

"Kesho sijaiona, kaka."

Hamphrey alikuna kichwa. Alikuwa mtu wa ziwani, na watu wa ziwani huiangalia hewa ya asubuhi kabla ya kuamua kutoka. Jibu hilo alilielewa.

"Basi nipe chakula," alisema. "Na kesho nipe jembe, nisaidie hizo ngoro zenu."

"Jembe la ngoro ni la wanawake, shemeji," Florian alisema kutoka kwenye beseni.

"Ee! Basi mke wangu asijue kwamba nimeliomba."

Jumatatu walikwenda kituo cha afya watatu, Florian, Violet na Erasmo. Daktari aliangalia vidonge vya Florian, akampangia muda wa kuvimeza pamoja na chakula. Akamwambia asipunguze wala asiache dawa kwa kichwa chake. Ugali uwe kiasi, mboga ziwe nyingi, maharage na samaki viwepo. Mfukoni awe na pipi za kutumia sukari ikishuka, si za kumumunya ovyo. Erasmo walimbakisha siku nne. Alirudi amekonda kidogo, amenyamaza kidogo, na mke wake alimpokea kama mgeni wa heshima.

Nyumbani kwa Florian hakukuwa na kiapo kipya. Kila asubuhi Violet na Florian walikaa pamoja kizingitini ukungu ukiwa bado mzito, wakanywa uji mpaka ukaisha. Florian alimeza dawa. Alikagua nyayo zake. Akiona hamu inakuja, alisema wazi, "Mama Glo, leo ipo." Violet naye aliacha alichokuwa anafanya, wakatembea mpaka kwenye mwinuko, wakaongea habari za kahawa na za meno ya Glorious, mpaka ikapita. Siku nyingine ilipita upesi. Siku nyingine iliwachukua saa nzima. Majirani wengine wawili waliita ngokela ya chai mwaka huo. Wengine walibaki na pombe, na kwa hao Florian alikata nyasi asubuhi, akaaga mapema.

Maharage yalikomaa. Yaling'olewa, yakapigwa, yakaanikwa.

Mwezi wa sita Florian alikwenda kliniki. Nesi alikuwa mgeni, kijana, anaandika bila kuinua kichwa.

"Pombe unatumia?"

"Situmii."

"Uliacha lini?"

Florian alifikiri kidogo.

"Leo asubuhi."

Nesi akainua kichwa. "Leo? Kwa hiyo jana ulikunywa?"

"Hapana. Hata jana niliacha asubuhi. Na juzi."

Nesi alimtazama, kisha akacheka, akaweka kalamu chini. Alishika kidole cha Florian, akakichoma kidogo, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Wakasubiri pamoja. Dirishani jua lilikuwa limetoka.

"Sita nukta saba," nesi alisema. "Sukari yako iko vizuri leo, baba."

Florian akainuka, akaenda kumwambia mke wake.